Futikamba

Walinichora nukta tatu za wino,
moja katikati ya kifua, mbili ubavuni,
nikacheka kimoyomoyo juu ya ile meza baridi:
kumbe na hawa ni mafundi,
hawapeleki mkasi bila alama.
Ila chaki yangu hufutika kwa ncha ya kanga.
Nukta zao nimerudi nazo Tanga,
nimefunga nazo Ramadhani nzima,
zingalipo.

Siku kumi na tano za mionzi, Dar.
Ya kumi na sita niko Ngamiani, mbele ya cherehani,
ngozi imeiva kama niliyelalia jiko.
Mwanamvua kaja na liwa, manjano, asali ya Handeni:
"Paka, shoga, itapoa."
Asali nikaila na mkate.
Nikabaki na mafuta yangu yasiyonukia,
maji ya vuguvugu, dodoki marufuku,
sidiria juu ya msumari,
na blauzi ya pamba niliyojikatia mwenyewe,
kwapa pana, mishono nikaigeuza nje
isije ikanigusa.

Sista Shemdoe wa Bombo hana maneno matamu.
"Mionzi imekwisha. Kazi yake bado.
Wewe fundi, pamba mbichi ukiilowesha ukaiacha, huwaje?"
Hunywea, nikasema.
"Basi na bega lako."

Kwenye mwimo wa mlango wa chumbani
kuna mistari ya penseli, ya wanangu, mwaka kwa mwaka.
Nasimama hapo kabla sijachemsha chai,
vidole vya kushoto vinapanda ubao kama buibui mzee.
Wiki ya kwanza nilikwama kwa Mgeni, darasa la kwanza,
asiye na meno ya mbele.
Nikalia pale pale, usawa wa paji lake.
Mwezi wa pili nikampita akiwa wa tisa, wa kumi;
kovu likivuta, nami navuta, taratibu,
si kwa ugomvi.
Juu kabisa yuko Hemedi,
siku aliyokwenda Mererani.

Subana niliyoidharau miaka ishirini
sasa haitoki kidoleni: tundu dogo la sindano
laweza kuuvimbisha mkono mzima.
Ndoo abebe mtoto wa jirani.
Kipimo cha presha, nampa muuguzi wa kulia.
Uchovu ukinishika adhuhuri
siupigi, naulaza kidogo,
kisha jua likipoa nakwenda kwa miguu hadi Chuda,
khanga imefunika kifua,
wenye baiskeli wakinipigia kengele: pisha, mama!

Na Ijumaa, daftari la oda:
Bi Zuhura, gauni, kiuno thelathini na nane.
Mama Kidawa, sare mbili, amelipa nusu.
Mwenyewe, kushoto: kifundo, sita na nusu.
Chini ya kiwiko, tisa na robo.
Juu, kumi na moja na nusu.
Safu ya kifua sijaijaza. Nitaijaza.

Ijumaa moja futikamba ikasema kumi na mbili na robo.
Nikapima tena, nikaishutumu futikamba, imevutika.
Pete nayo ikagoma.
Sikungoja nione Jumatatu itasemaje.
Bombo wakanipa mkono wa mpira, wa kubana,
mshono wake ovyo, rangi ya uji uliopoa.
Nimeshona mikono isiyo na idadi;
huu ndio wa kwanza kunishona mimi.
Nauvaa. Kumi na moja na robo tatu, Alhamdulillahi.

Leo kabla ya chai
kidole cha kati kimemgusa Hemedi.
Nikachukua simu kwa mkono wa kulia, nikapiga.
Hapatikani.
Sikuushusha wa kushoto.
Nikauacha pale, kwenye utosi wake wa penseli,
nikavuta pumzi ndefu mpaka chini ya mbavu,
kama nilivyoagizwa,
nikahesabu kumi.